Kutu Ndani ya Tangi la Dawa ya Kikohozi

Mzee Ndaki aliogopa vitu viwili tu maishani, radi na mama mkwe wake, mpaka Jumanne ile sinki lilipomtia homa. Lilikuwa sinki la stenlesi la mama ntilie mmoja wa Misugusugu, ambalo Ndaki alilichomelea na kulisaga wiki mbili nyuma katika kibanda chake cha kando ya barabara. Mwenyewe amelirudisha, na mdomo kaubeba.

"Fundi, si uliniapia chuma hiki hakishiki kutu? Haya, na haya madoa ni nini, hina?"

Ndaki akainama. Vidoa vyekundu vilikuwa vimejipanga palepale alipopitisha grenda, mashine yake ya kusagia chuma. Akaelewa mara moja. Jiwe lile la grenda ndilo alilosagia mageti ya chuma cha kawaida mwezi mzima. Unga wa chuma uling'ang'ania kwenye jiwe, jiwe likaupandikiza kwenye stenlesi, maji yakafanya yaliyobaki. Na jiwe hilohilo, siku tatu baada ya sinki, alikwenda nalo kiwanda cha dawa kuziba ufa ndani ya tangi la kuchanganyia dawa ya kikohozi ya watoto.

"Nimekwisha!" akasema. Mama ntilie akadhani anaombwa radhi.

Siku ile kiwandani walimvika kofia ya kuzuia nywele, yeye mwenye upara, wakambadilisha na viatu. Gideon, fundi mkuu wa mitambo, akamsomea fomu. Jiwe la kusagia ni jipya? Ni la stenlesi peke yake? Ndaki akajibu ndiyo, ndiyo, akatia sahihi. Mtu aliyetoka Usukumani na fimbo ya kuchungia ng'ombe, akajijengea jina Kibaha nzima kwa kuchomelea, aulizwe habari za jiwe na fomu? Kiburi, jamani! Hata kuuliza kwa nini jiwe liwe jipya hakuuliza.

Sasa akapanda bodaboda kurudi kulekule kiwandani. Gideon alipomsikia akieleza habari za jiwe akamvuta ukutani.

"Mzee, nyamaza. Kutu kidogo haiui mtu. Unataka tufungwe wote?"

"Haiui, unajua wewe?"

Gideon akachungulia kama kuna anayewasikia.

Ndaki aliogopa, tena sana. Aliiona jela. Aliwaona na wajukuu zake kule Kurui, wanaofungua midomo kwa kijiko chochote wanacholetewa. Nusura ageuze. Mwisho akajikokota hadi kwa Martina, mfamasia anayesimamia ubora, binti wa rika la mwanawe wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niliwadanganya. Jiwe halikuwa jipya."

Martina akaondoka naye hadi kwenye tangi. Alifungua tangi, akamulika tochi. Kwenye mshono palikuwa na vidoa vitano. Akapitisha kidole chenye glavu, pakakwaruza.

"Pakikwaruza hivi hapaoshiki," akasema. "Sukari inabaki, vijidudu vinajificha humo, halafu watoto wanavinywa."

Akapiga simu stoo: dawa yote iliyotengenezwa tangu tangi lizibwe isitoke, hata boksi moja. Ilikuwa bado inasubiri majibu ya maabara. Ndaki alishusha pumzi, akaketi sakafuni bila kukaribishwa.

Martina akampa karatasi na kalamu. "Andika mwenyewe, mzee. Fomu ulisomewa, au hukusomewa?"

Gideon alikuwa mlangoni, kakodoa macho. Hapo palikuwa na upenyo wa kumtupia mwenzake mzigo, na Ndaki aliuona vizuri.

"Nilisomewa," akasema. "Mwongo ni mimi."

"Watakavyokuamulia wakubwa sijui. Lakini umekuja kabla dawa haijatoka, nami nitalisema hilo." Martina akageuza karatasi. "La mwisho. Kuna tangi lingine la dawa uliwahi kulichomelea, popote?"

Ndaki akaiweka kalamu chini. Lilikuwepo moja, mwaka juzi, kwenye kiwanda kingine kidogo. Alikwenda na jiwe la mageti, akasaga, akasifiwa, akarudi nyumbani akiimba. Kule hakuna aliyemsomea fomu yoyote.

"Mzee Ndaki?"

"Lipo," akasema. "Linafanya kazi mpaka leo."