Pudini ya Limau Niliyoikana Tezo

Sogea unisikilize, wewe unayeanza kazi ya kufundisha mapishi. Nitakueleza tulivyoifanya sisi pwani ya Kilifi miaka ya themanini, na sitakuficha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kwa hofu.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye kituo cha mafunzo ya wanawake, Malindi, nikiwa na sanduku moja na binti yangu wa miaka miwili mgongoni. Nilikuwa mtu wa bara, mjane, sina jamaa hata mmoja pwani nzima. Cheo changu kilikuwa mwelekezi wa sayansikimu, yaani nilitakiwa kuzunguka vijijini nikiwafunza akina mama upishi, usafi na malezi. Kazi ilikuja na chumba cha kulala. Lakini miezi sita ya mwanzo ilikuwa ya majaribio: mkaguzi angekuja kunitazama nikifundisha, akiridhika ningethibitishwa, asiporidhika ningefungasha. Niliisoma barua ya kazi mara tatu. Sikuwa na pengine pa kumlaza mtoto.

Bi Mkuu wa Kituo alikuwa mwenyeji wa Malindi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa aproni kabla ya kunipa kiti. Somo lake la kwanza lilikuwa pudini ya limau, kwa sababu ni rahisi na inatosha familia nzima: malimau mawili, mayai matatu, sukari robo tatu ya kikombe, siagi vijiko viwili, maziwa kikombe kimoja na robo, na unga wa ngano vijiko vinne tu.

Unakwaruza ganda la limau, ile rangi ya njano peke yake, kwa maana weupe ulio chini yake ni mchungu. Unatenga viini na ute. Viini unavichanganya na sukari, siagi iliyoyeyushwa, unga, lile ganda lililokwaruzwa, maji ya limau na maziwa. Ute unaupiga peke yake mpaka usimame kama povu, kisha unaukunja ndani ya mchanganyiko. Kukunja ni kupitisha mwiko chini na kugeuza juu, polepole, hewa isitoke. Wengi vijijini hawakuwa na oveni, kwa hiyo tulipalia: bakuli la pudini liliwekwa ndani ya sufuria pana yenye maji moto yaliyofika nusu yake, sufuria ikafunikwa, makaa yakatiwa juu ya kifuniko na machache chini.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Pudini hii ikiiva hujigawa yenyewe. Juu huwa keki laini, chini hubaki mchuzi mzito wa limau. Bi Mkuu alininywesha ule mchuzi kwa kijiko. "Huu ndio pudini yenyewe," alisema. "Ukiukausha, umewapikia watu mkate."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Tezo, kwenye kikundi cha wakulima kilichoongozwa na Mama Kadzo, mama mcheshi ambaye hakuacha neno lipite bila kulitania. Nilipowapikia pudini mara ya kwanza alisema keki yangu inatokwa jasho kama mimi mwenyewe. Nikawaeleza juu ya ule mchuzi, wakaonja, wakapenda.

Wiki iliyofuata Landi Rova ya Bi Mkaguzi ikasimama nje. Nilikuwa nimesikia kwamba mwelekezi aliyenitangulia alirudishwa kwao kwa sababu ya sima iliyoungua. Bi Mkaguzi hakusema mengi; aliandika tu, na hakuna aliyejua anaandika nini. Nikaangusha yai. Nilipofunua sufuria, alitia kijiko bakulini, akakiinua, mchuzi ukadondoka.

"Hii haijaiva," alisema.

Mdomo wangu ulinitangulia. "Ndiyo, Bi Mkaguzi. Nimeitoa mapema."

Mama Kadzo akageuka. "Lo, mwalimu, si juzi ulituambia ndivyo ilivyo?"

Nilimkazia macho mpaka akanyamaza. Nikairudisha motoni, nikaongeza makaa, ikatoka kavu kama matofali. Bi Mkaguzi alimega kipande, akaandika, akaniongezea miezi mitatu ya majaribio.

Kisha nikahamishiwa Kuruwitu. Huko nilifundisha uji na maandazi, vitu ambavyo hakuna wa kuvitilia shaka, na kila gari liliponguruma barabarani niliangalia mlango. Siku moja mama wa Tezo aliyekuja kununua samaki alinipa habari. Mama Kadzo alikuwa ametembelewa na wakwe wa binti yake, akawapikia pudini. Alipoikata akaona mchuzi, akakumbuka mwalimu alisema mbele ya mkubwa wake kwamba hivyo haijaiva. Akairudisha motoni mpaka ikaungua. Wakwe walikunywa chai kavu, na yeye akaona haya mbele yao.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Dabaso. Barua iliagiza nirudie somo lile lile. Niliamua kuiacha pudini ikauke. Ndivyo Bi Mkaguzi alivyotaka, nami nilitaka chumba changu. Lakini ulipofika wakati wa kuitoa, mkono ukiwa juu ya kifuniko, nikawatazama akina mama waliokaa mbele yangu. Wangekwenda nyumbani kupika kile nitakachowaonyesha, na baadhi yao walikuwa na wakwe. Nikaitoa.

Kijiko kikaingia. Mchuzi ukadondoka.

"Haijaiva tena," Bi Mkaguzi alisema.

"Imeiva, Bi Mkaguzi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo Tezo ulinidanganya?"

Hapo ndipo nilipoona nimejifunga mwenyewe. Nikisema hapana, pudini hii ni mbichi. Nikisema ndiyo, mimi ni mwongo. Nikashika meza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuogopa."

Bi Mkaguzi alichota kijiko cha mchuzi, akala, akachota cha pili. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi niliwafunza wanawake wa Tezo uongo, nawe ukaniacha niondoke nao." Akanipa agizo: kesho yake niende Tezo, niwaambie wote kwamba tulikosea, yeye kwa kutojua na mimi kwa kunyamaza. Akisikia nimefanya hivyo, atatia sahihi barua yangu ya kuthibitishwa.

Niliogopa safari hiyo kuliko ukaguzi wenyewe. Nilisimama mbele ya kikundi nikasema yote bila kupunguza. Mama Kadzo alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Kumbe wakwe zangu walikunywa chai kavu kwa woga wako, mwalimu."

"Ndiyo, Mama Kadzo."

Alikitupia jicho kikapu changu. "Na leo umekuja na malimau, au umekuja na maneno tu?"

Nilikuwa nayo kikapuni, manne. Tulipika, na safari hii alishika kijiko yeye.

Nilithibitishwa. Nilifanya kazi chini ya maafisa wengi, na mwishowe nami nikawa mkaguzi. Niliona waelekezi vijana wakiangusha mayai nilipowakaribia, nikajua wanaona nini usoni mwangu. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote niliuliza kwanza, "Umekusudia iwe hivi?" Sasa nimestaafu, na sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Hata leo gari likisimama nje naangalia mlango. Wewe pia utaogopa, nawe utafundisha hivyo hivyo, na utaweza.

Basi kapike. Itoe pudini motoni juu inapogeuka rangi ya dhahabu, iache robo saa ipoe, kisha tia kijiko mpaka chini kabisa, na kila sahani uipe keki na mchuzi wake.