Masaa Matano ya Mama Cherehani

Mama Cherehani alikuwa hawezi kukaa mahali palipofungwa. Utotoni dada yake alimfungia stoo kwa utani, akaenda kucheza akamsahau, na hofu ile ikamganda mpaka utu uzima. Lifti hakupanda. Chumba chake cha kushonea kilikaa mlango wazi hata mvua ikinyesha, na wateja walizoea kupimwa viuno nusu ya mtaa ikitazama.

Ndipo bintiye aliyeolewa ng'ambo akajifungua mapacha kwa upasuaji. Akapiga simu huku analia: "Mama, njoo. Hata kuinama siwezi." Tikiti ilipokuja, Mama Cherehani akamwita mwanawe wa kiume amsomee.

"Kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa tisa alasiri. Siku hiyo hiyo."

Akahesabu kwa vidole. Masaa matano! Si ndiyo yale anayokaa na gauni moja la bibi harusi? Akamshukuru Mungu, akakubali. Mwanawe, aliyejua hesabu ile si sahihi, akaikunja tikiti haraka kabla mama hajabadili nia.

Ndani ya ndege akawekwa dirishani, pembeni yake bwana mmoja mnene, mcheshi. Mlango ulipofungwa, jasho likamtiririka. Akasali kimoyomoyo, macho kwenye saa ya mkononi. Ilipokaribia saa tisa, akavaa viatu, akatwaa mkoba.

"Naomba njia, kaka. Nasogea mlangoni nisije nikapitilizwa."

Mhudumu alimkuta amesimama mbele ya mlango mzito, kilemba amekifunga upya.

"Mama, mbona uko hapa?"

"Nashuka, mwanangu. Saa tisa hiyo."

Binti wa watu akataka kucheka, akaona ule uso, akaacha. "Saa tisa ya tikiti ni ya kule, mama. Kule jua linachelewa, saa hizi ndiyo kwanza wanaamka. Safari ni kilomita elfu kumi na moja. Masaa kumi na matatu. Bado manane."

"Manane!" Akaushika mlango kwa viganja viwili. "Basi fungua kidogo tu. Ufa. Nivute hewa, halafu ufunge."

"Huku juu haufunguki, mama, hata tusukume watu kumi."

"Ee Mungu wangu, nimerudi stoo."

Mhudumu akamhurumia, akamwacha asimame kule nyuma kunakopangwa chakula. Akasimama hapo akisali na kuyumba, mguu mmoja ukipigapiga chini kama uko kwenye pedali. Nje jua lilikuwa pale pale, limekwama kama yeye.

Hatimaye mhudumu akaja. "Tunashuka sasa. Lazima ukae, ufunge mkanda."

"Nisipokaa je?"

"Utaanguka, mama, na wajukuu wapokee bibi aliyevunjika."

Akarudi, miguu mizito. Yule bwana akainuka kumpisha. "Karibu tena, mama. Nilijua ulishashuka!"

Akacheka na machozi yakimtoka. Vidole vilivyozoea kutunga uzi vikashindwa na mkanda mara mbili. Mara ya tatu ukalia, ukambana tumboni. Ndege ikainamisha pua. Akamkamata bwana yule mkono.

"Ongea, kaka. Usinyamaze mpaka wafungue mlango."

"Niongee nini?"

"Chochote!"

Basi akaanza kumsimulia habari za ng'ombe wa baba mkwe wake, mmoja baada ya mwingine, naye akawa anaitikia, "Ehe. Na huyo mwingine?"