Ilipoishia Helikopta ya Babu

Likizo hii wenzangu wanalala mpaka jua liwachome. Mimi nimekuwa karani wa helikopta.

Babu alikuwa fundi jeshini, na maisha yake yote alifunga na kufungua helikopta za aina moja tu, zile kubwa za kubeba askari. Sasa anafuga mbuzi Handeni. Mtoto wa jicho ameshamfunga jicho moja, na kabla hajamfunga la pili, babu anataka historia ya kila helikopta iandikwe: ilifanya kazi wapi, ilisumbua nini, iliishia wapi.

"Zilitubeba," aliniambia. "Hazina hata kibao cha kaburi."

"Hata mbuzi zako hawana, babu."

"Chapa, mume mwenzangu."

Basi nikachapa, kwenye simu ya mama yenye kioo kilichopasuka, mpaka gumba likafa ganzi. Babu anasimulia, anabishana na nafsi yake, anasema futa. Nafuta. Anasema rudisha. Giaboksi ya mkia naijua kuliko hesabu, na sijasikia mtihani wa kidato cha nne unaouliza giaboksi.

Tukazimaliza zote isipokuwa moja, ile aliyoihudumia mpaka anastaafu. Aliiacha nzima, imefunikwa turubai. Aliamini imesimamishwa mahali kama kumbukumbu, watoto wanapiga picha nayo. Wa kujua ni mmoja, fundi mwenzake aliyebaki kazini baada yake, sasa anaishi Magoma. Tukaondoka Handeni alfajiri kupitia Korogwe, na mpaka tunafika kwake vumbi lilikuwa limeniingia hadi kwenye meno.

Tatizo, yule mzee ni Msambaa na sisi Wazigua. Watani. Tangu wakiwa makuruta hawajawahi kujibizana neno lililonyooka. Hata siku mzee yule alipofiwa na mke, babu alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Akapewa, na wafiwa wakacheka.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia mwenyeji wetu.

"Marahaba. Handeni mahindi yameisha tena?"

"Nimekuja kuona kama mmeshuka milimani na viatu," babu akamjibu.

Tukakaa. Babu akauliza helikopta yetu iko wapi.

"Ile? Ilikatwa, ikauzwa chuma chakavu. Sufuria ile jikoni ndiyo mlango wake."

Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikachapa: imekuwa sufuria, kwa mujibu wa Msambaa. Baada ya chai babu akauliza tena. Safari hii ilikuwa banda la kuku. Akauliza tena, ikawa imeolewa Lushoto. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, mgongo unauma, na sijui nani kati yao atachoka kwanza.

Alichoka babu.

"Mtani, leo niachie. Macho yananiishia. Nataka nijue."

Mwenyeji wetu akaweka kikombe chini. 

"Kaka," akasema.

Kaka tu. Hakuna Mzigua, hakuna mahindi. Babu alikunja uso kama mtu aliyeshikwa bega gizani.

"Ilikatwa kweli, kaka. Nilikuwepo. Walianza na mkia. Mimi nilienda kukaa nyuma ya karakana nisione."

Mimi, kichwa changu bado kiko kwenye utani, nikaropoka, "Basi babu, tuombe ile sufuria turudi nayo."

Hakuna aliyecheka. Mwenyeji wetu hata hakunitazama. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, nikajifanya natafuta chaji.

"Andika," babu akasema.

"Niandikeje?"

"Ilikatwa. Ilikuwa nzima."

Nikaandika. Akaniambia nisome, nikasoma. Akaniambia nisome tena, huku ananikazia lile jicho lililobaki, kana kwamba maneno yangebadilika nikirudia. Kisha akamgeukia mwenzake, na sauti yake sikuizoea.

"Siku hiyo, kabla hawajaanza. Mapanga ya juu yalikuwa bado yanazunguka ukiyasukuma?"

"Yalizunguka. Nilisukuma kwa kidole kimoja."

Babu akaitikia kwa kichwa taratibu, akafumba macho yote mawili.

"Na hilo liandike."

Nikaandika.