Udongo Ulionuka Kahawa

Juma lililopita mjukuu wangu aliisahau kahawa ya kutafuna juu ya jiko la mkaa, akaenda zake kucheza. Ninyi mliozaliwa huku kwetu Kaisho mnaijua kahawa hiyo. Huchumwa ingali mbichi, huchemshwa pamoja na majani ya harufu, halafu huanikwa juani na maganda yake. Mgeni akiingia nyumbani hutiwa punje chache kiganjani kabla hata hajaulizwa habari za njiani. Haikaangwi. Ikiungua hutoa moshi mzito unaonuka majani mabichi na ngozi iliyobabuka. Watoto walikimbilia nje wameziba pua. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, na kwa muda kidogo nikawa tena Dar es Salaam, nina umri wa miaka kumi na mitatu, na kiganjani sina kitu.

Watu wengi wakiukumbuka mji ule husema habari za bahari. Mimi hukumbuka kahawa iliyoungua.

Ilikuwa mwaka mmoja au miwili baada ya vita kuu ya pili kwisha. Mama alikuwa ametutoka zamani kidogo, na baba yetu, Kajuna, alikuwa amekwenda pwani kufanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Tulikuwa wanne, mimi ndiye mkubwa. Siku moja padri wa misheni aliniita kutoka darasani akanisomea barua. Iliandikwa na mtu aitwaye Salumu, mpakuaji mwenzake baba. Ilisema kwamba Kajuna aliugua homa, akalazwa, akafariki. Padri aliukunja mkono wangu juu ya barua ile, akaniambia niende nyumbani. Nilikwenda. Shuleni sikurudi tena, si siku ile wala siku nyingine.

Nawaambia ukweli, sikulia. Mmewahi kuukalia mguu hata ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni wako, lakini ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima.

Ukoo ulikaa. Kwetu mtu akifa, mwanawe wa kwanza hukalishwa kwenye kiti chake mbele ya wazee, na kibanja, yaani migomba, mibuni na nyumba iliyo katikati yake, huwa chini ya mkono wake. Asipokalishwa mrithi, watoto hugawanywa kwa ndugu. Tayari shangazi mmoja alikuwa ameulizia juu ya Tereza, aliyenifuata, na mwingine alimtaka kitinda mimba, ambaye bado alilala ameshika sikio langu. Lakini baba yangu mdogo, Kashaija, aliikataa barua.

“Karatasi husema lolote inaloandikwa,” alisema. “Kaka yangu hajafa mpaka nione.”

“Utaona nini, na yeye yuko mwisho wa nchi?” bibi yangu alimuuliza.

“Udongo wa kaburi lake. Uletwe na mkono wa damu yake.”

Basi wote wakanitazama mimi. Nilimchukia Kashaija siku ile kwa moyo wa kitoto. Niliona wazi kwamba anakitaka kibanja. Migomba yake ilikuwa imepakana na yetu, na tangu baba aondoke ni yeye aliyekuwa akiipogoa na kuitandazia majani. Mtu huitunzaje migomba ya mwenzake bila kuitamani?

Bibi aliuza ng'ombe wake wa maziwa kwa ajili ya safari ile. Alinifungia kahawa ya kutafuna katika jani la mgomba lililokaushwa, akasema, “Mpe aliyemzika mwanangu.” Nilipanda lori la mnunuzi wa kahawa hadi Bukoba, kisha meli hadi Mwanza, kisha gari moshi, pamoja na watu wa huku waliokuwa wakienda kutafuta kazi. Safari yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba kila nilipoulizwa nakwenda wapi nilijibu, “Namfuata baba,” nao wakasema vizuri.

Salumu, aliyekuwa ameandikiwa na padri, alinipokea kituoni Dar es Salaam. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, miguu peku. Nilipompa shikamoo aliniinua kidevu.

“Marahaba. Niite ami. Una paji la uso la Kajuna, maskini.”

Nyumba yake ilikuwa Kariakoo, chumba kimoja, uani wapangaji kumi. Mkewe, Bi Zuhura, alilipokea lile furushi la bibi kwa mikono miwili. Hakuwa na ubaya wowote. Aliona kahawa, akafanya wanavyofanya watu wa pwani: akateleka kikaango. Moshi ulipoujaza ua, wapangaji walitoka mmoja mmoja wakikohoa.

“Zuhura, unachoma kiatu cha nani?”

“Ni kahawa ya kwao mtoto!”

“Basi kwao wana taabu.”

Salumu alikuja mbio, akachungulia kikaangoni, akashika kichwa. “Mama we, hii ni ya kutafuna! Kajuna alinifundisha. Unaiweka shavuni hivi, unazungumza.” Aliokota punje moja nyeusi, akaitia mdomoni ingali moto, akaitafuna mbele yangu mpaka ikaisha. Lazima ilikuwa chungu kama dawa. Bi Zuhura aliniomba radhi mara tatu. Nilisema haidhuru, na kweli sikusikia kitu. Nilijua tu kwamba nimeshindwa kazi ya kwanza niliyotumwa.

Nikamwambia ami Salumu kazi ya pili: kaburi.

“Kesho,” alisema. “Kwanza uujue mji wa baba yako.”

Asubuhi tukatoka. Huku kwetu wakati ule hukumpita mtu mzima njiani kama unavyompita mbuzi. Ulisimama, ukatua mzigo, ukaamkia, ukangoja jibu, ukaulizwa habari za nyumbani moja baada ya nyingine, ng'ombe nao. Kwa hiyo nilipotoka mlangoni mwa Salumu nilimsimamisha mtu wa kwanza, nikampa shikamoo. Kisha wa pili. Muuza nazi, mshona viatu, mwanamke mwenye ndoo, kijana wa baiskeli ambaye nusura aanguke kwa kugeuka kunijibu. Tulikuwa bado hatujafika mwisho wa mtaa.

“Mwanangu,” Salumu alisema, “ukimwamkia kila mtu, bandarini tutafika mwezi wa Ramadhani.”

“Sasa nitamwacha nani?”

Alicheka hata akajishika kiuno. “Baba yako naye aliniuliza vivyo hivyo! Maneno hayo hayo!”

Siku mbili alinitembeza. Si mji wa majumba makubwa, maana hayo tuliyapita bila kuyatazama. Alinionyesha mji wa watu wanaoishi mle. Uchochoro wa kukatiza ili usichomwe na jua la saa sita. Bomba ambalo maji yake hayana chumvi. Mama aliyekaanga samaki akakuwekea kipande cha kichwa ukimwita dada badala ya mama. Ukuta wa bandari ambapo wapakuaji huegemea wakingoja kuitwa, nao umekuwa laini kwa migongo yao. Salumu aliupapasa mahali fulani akasema, “Hapa.” Niliegemea hapo. Palikuwa na joto. Bahari ilikuwa mbele yangu, kubwa kama walivyosema, nikaitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Na kila tulipopita mtu aliuliza, “Huyu nani?” na Salumu akajibu, “Mtoto wa Bwana Ndizi.” Nao wakaanza kucheka kabla hawajakumbuka kusikitika.

Bwana Ndizi alikuwa baba yangu. Nilielezwa kwamba alikuwa akizunguka sokoni kila Jumapili, anaminya ndizi za watu, anatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa mahututi. “Hizi,” aliwaambia wauzaji, “kwetu tunawapa ng'ombe, na ng'ombe anatuuliza tumemkosea nini.” Wakamfukuza, na Jumapili iliyofuata wakamngoja. Nilisikiliza habari hizi kama za mtu mwingine. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa maneno machache, anayekaa mlangoni jioni na kibuyu cha pombe ya ndizi, ambaye hatukuthubutu kupita mbele yake. Sikujua kwamba alijua kuchekesha. Mji mzima ule, wageni watupu, walikuwa na baba ambaye mimi sikupewa.

Mahali alipopenda kuliko pote palikuwa benchi la muuza kahawa, kwenye kona, chini ya paa la mabati. Mzee mwenye dele la shaba alinimiminia kikombe kidogo. Nilipomaliza, aliniangalia kama anayengoja.

“Wewe humwagi?”

“Nimwage nini?”

“Baba yako hakuwahi kumaliza kikombe. Tone la mwisho alilimwaga hapa, mguuni pa benchi. Kila siku, pale pale. Tukimwuliza, anasema anawanywesha wa nyumbani.”

Mnywaji mmoja wa pale akadakia, “Mimi nilimwambia, Mhaya, hao wa kwenu watakosa usingizi!”

Mimi ni Mnyambo, lakini kule kila atokaye upande wetu alikuwa Mhaya, na sikumsahihisha. Niliangalia chini. Huku kwetu wazee walimwaga pombe kidogo ardhini kabla ya kunywa, kwa ajili ya waliotangulia. Yeye, kwa kukosa pombe ya ndizi, alimwaga kahawa. Mguuni pa benchi palikuwa na duara jeusi, gumu kidogo, kubwa kama sahani.

Siku ya tatu nilisema, “Ami, kaburi.” Safari hii hakusema kesho.

Tulikwenda mpaka makaburini. Palikuwa na safu ndefu ya vilima vipya, vingine vina msalaba wa vijiti, vingi havina kitu. Salumu alisimama. Alivua kofia, akaivaa, akaivua.

“Alipougua mimi nilikuwa Rufiji, nimekwenda kumzika dada yangu. Niliporudi, kitanda kina mtu mwingine. Wakaniambia amezikwa huku, safu hii. Mwanangu, sijui ni lipi. Nimekuja mara nne. Sijui.”

Ndipo nikafahamu kwa nini tulitembea siku mbili.

Nilisimama mwanzo wa safu. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa kufanya. Nilisimama mbele ya kilima cha kwanza nikasema, “Shikamoo.” Nikangoja kidogo. Nikaenda cha pili, nikasema, “Shikamoo.” Nikaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, na jua lilikuwa kali, na Salumu, aliyenicheka Kariakoo, alinifuata nyuma hatua kwa hatua wala hakuniharakisha. Machozi yalimtoka yeye. Mimi macho yalikuwa makavu kama mchanga ule.

“Chota popote,” aliniambia mwishoni. “Mungu anajua.”

Niliinama, nikatia mkono. Nikautoa mtupu. Niliwaza, nikikosea nitampeleka baba wa watu Kaisho. Atalala katika migomba asiyoijua, na watoto wake watamtafuta hapa. Nikainuka nikapangusa magoti.

Tuliporudi Kariakoo nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi. Nilipiga magoti, nikachimba lile duara jeusi kwa kijiko nilichoazima kwa Bi Zuhura asubuhi. Hakuna aliyeuliza. Wanywaji waliinua miguu yao juu ili nisisumbuke, wakaishikilia hivyo hewani, wazee wazima, mpaka nilipojaza lile jani la bibi nililokuwa nimelichukua makaburini. Muuza kahawa akamimina kikombe kizima katika shimo nililoacha.

Nyumbani Kaisho wazee walikuwa wamekaa. Niliweka furushi mbele yao. Kashaija aliuliza, “Umeliona kaburi la kaka yangu?”

Nilifikiria sikio langu na mkono wa kitinda mimba wetu. “Nimeliona. Nimemwamkia.”

Bibi alifungua jani. Aliinamisha uso, akanusa muda mrefu, akampa Kashaija. Naye alinusa, akaniinulia macho.

“Udongo wa kaburi gani huu unaonuka kahawa?”

“Ulitaka anuke nini,” bibi alisema, “samaki?”

Mzee mmoja akacheka, akajizuia. Kashaija aliendelea kulishika jani lile. Kisha akasema, “Ni yeye.” Udongo ukafungwa pamoja na shina la mgomba lililovikwa nguo ya gome la mti, ukazikwa nyuma ya nyumba kama mtu, na mimi nikakalishwa kwenye kiti cha baba. Miguu yangu haikufika chini. Tereza hakwenda popote, wala mdogo wetu. Tulikulia pale wote wanne.

Miaka mingi niliishi nikijua kwamba nimeudanganya ukoo. Kashaija alizeeka, mwishoni akawa haoni vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitandazia majani migomba yake. Siku moja tumekaa, kila mmoja na kahawa yake shavuni, akaniuliza bila kunigeukia, “Lile kaburi. Hukuliona, sivyo?”

“Sikuliona, baba mdogo.”

“Nilijua. Kaburi halinuki vile.”

“Mbona ulikubali?”

Alitafuna kwanza. “Siku ile ya barua ningekubali, Kajuna angekufa siku ile. Nilitaka aishi kidogo zaidi, mpaka wewe urudi. Nikasema, mtoto hataona kaburi, atakuja na baba yake mkononi. Ukaja na kahawa. Nikanusa, nikajua ni yeye, na kwamba hatarudi.”

Mtu yule nilimchukia, kumbe alikuwa akimngoja kaka yake. Sikujua kwamba migomba ya kaka yake aliitunza hivyo kwa sababu alitaka mwenyewe aikute nzuri.

Juma lililopita, moshi ulipopungua, mjukuu alirudi ameinamisha kichwa kuomba radhi. Niliokota punje moja iliyoungua, nikaitia mdomoni, nikaitafuna mpaka ikaisha. Ni chungu kweli. Mabaki nikayamwaga nyuma ya nyumba, pale pale ulipozikwa ule udongo.