Fundo la Maua Kwenye Mlingoti wa Krijn

Kamba ilikwama juu ya mlingoti, na majivu ya mume wangu yalikuwa pembeni, kwenye kikapu cha mikate.

Wala sikushtuka. Tangu Krijn afe mwezi wa kwanza, mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Aliacha neno moja tu: majivu yangu yamwageni kutoka kwenye mashua yangu ya katamarani, matanga yote mawili yakiwa juu.

Kila mwaka baridi ikikaribia, Krijn alichomoa henza, ile kamba ya kupandishia tanga dogo la mbele, akaenda kuiosha chumvi nyumbani. Mahali pake aliacha uzi mwembamba uliopita kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti. Jua likirudi, anaunga henza kwenye uzi, anavuta, kwisha.

Safari hii aliyeunga ni mdogo wake, Huig. Fundo nene la kibaharia. Likagoma kwenye kapi.

"Taratibu, shemeji," nikamwambia. "Uzi ukikatika, mpaka mlingoti ulazwe. Sisi wazee wawili tutaulaza na nini?"

"Basi twende na tanga kubwa peke yake. Marehemu hatatupigia kelele."

"Alisema mawili."

"Duh! Mtu ni majivu na bado anatoa amri!"

Akairudisha henza nyuma kidogo kidogo. Uzi ukalia krrr. Fundo likashuka.

"Nipishe," nikasema.

Mimi niliishia darasa la nne, nikaenda kufunga maua mashambani, hapa hapa Noordwijk. Fundo letu la maua ni jembamba, na halifunguki. Krijn alilicheka miaka thelathini na mbili.

"La maua tena?" Huig akaguna. "Kaka angeliona, angekufa mara ya pili."

Nikafunga. Nikavuta. Henza ikapanda, ikapita kwenye kapi bila kusita, ikashuka upande wa pili.

Huig akaidaka.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko ambao Krijn alihifadhia henza, nitafute mkasi nikate ule uzi. Nikashika vipande. Vingi. Vipande vifupi vya uzi, kila kimoja kina fundo katikati.

Fundo langu. Vyote.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kila mwaka, ukifika wakati wa kuunga henza, Krijn alisema, "Neeltje, hebu katuletee kahawa." Kibanda cha kahawa kiko mbali. Nikirudi, henza imeshapita.

"Kumbe alikuwa anakuibia fundo!" Huig akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Sikulia.

Tulipandisha matanga mawili, tukaingia majini, nikamwaga majivu. Vipande nikabaki navyo mfukoni. Nikala mkate wangu wa jibini. Haukuwa na ladha.

Wewe unayesoma, kama kuna kitu umejifunza kwa mwenzio, mwambie angali anakusikia. Mimi nilisifiwa kila mwaka, miaka thelathini na mbili.

Ila kila nikisifiwa, nilikuwa nimekwenda kuleta kahawa.