Ukurasa wa Nyuma wa Gazeti la Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala la Magazeti alinipa koti la buluu na onyo. "Salim, hapa hatusomi, tunahesabu kurasa. Ukianza kusoma, utastaafu ukiwa bado rafu ya kwanza."

Nilikuwa nimefika London kutoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi, nikipanga chumba Wembley. Gazeti lililochanika tuliliunga kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano. Kisha tulilipiga picha kwenye filamu, kila ukurasa ukawa mdogo kama stempu, wasomaji wakautazama kwa mashine. Gazeti lenyewe lilipelekwa kusagwa.

Nilipohamishiwa chumba cha filamu, nilipewa gazeti la kisiwa kimoja cha Mfereji wa Uingereza, karibu na Ufaransa, la miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kilipokaliwa na jeshi la Kijerumani. Karatasi ilikuwa adimu, hivyo kila toleo lilikuwa karatasi moja tu: habari mbele, matangazo nyuma. Msimamizi wa filamu alipenda kubana matumizi. "Piga mbele tu," aliniambia. "Nani atakuja London kumtafuta paka aliyepotea vitani?"

Nikacheka, nikatii.

Mwaka uliofuata akaja Bi Ruth, mzaliwa wa kisiwa hicho. Wanajeshi walikuwa wamechimba kaburi la mawe la kale, na gazeti liliandika kwamba baba yake, mkulima, aliwasaidia "kwa furaha". Aliitwa msaliti mpaka akafa.

"Mama bado anaishi kule," alisema. "Kanisani hakuna anayekaa benchi lake."

Nilimweleza taratibu. Habari za akiolojia wakati ule ziliandikwa na ofisi ya jeshi, mhariri akazichapa kama zilivyo. Ndiyo maana zilisifu wataalamu, vyungu na mifupa, bila kusema nani alishikishwa sururu.

"Sifa hizi ziache, Bi Ruth. Tutafute amri za jeshi."

"Ziko wapi?"

Amri zilichapwa nyuma, pamoja na paka waliopotea, upande ambao sikuupiga picha.

Nilishuka ghalani mbio. Majalada yalikuwa yamefungwa kamba, yakisubiri lori. Nikakata kamba. Toleo la wiki moja kabla ya habari ile lilikuwa na orodha ya wanaume waliotakiwa kufika kaburini saa moja asubuhi, asiyefika atafungwa. Baba yake alikuwa wa nne. Nikampelekea juu.

Bi Ruth aliweka kidole chini ya jina, hakukiondoa. "Nani aliuacha ukurasa huu nje ya filamu?"

Ningeweza kumtaja msimamizi. "Mimi," nikasema. "Na kwetu nimeona jinsi jina lililotajwa vibaya linavyomfuata mtu hadi mlangoni."

"Basi nipigie picha sasa hivi. Mama ni mzee."

Nikampigia, kisha nikaenda kwa Mkuu, nikamweleza yote.

"Umeacha kurasa ngapi?"

"Zote za nyuma."

"Basi usivue koti la kazi. Unaanza kuzipiga leo."

Kazi hiyo ilinichukua majira mawili ya baridi. Nyinyi mnaoanza kazi ghalani sasa mna mashine bora kuliko zangu, na bado mtakosea. Mkikosea, semeni kabla lori halijaja.

Leo nimestaafu. Bi Ruth aliniandikia mara moja tu, kunieleza kwamba mama yake ameibandika ile picha dirishani, maandishi yakitazama barabara.