Chupa Iliyotembea Chini ya Blanketi

Hii aibu yangu kanisa lote hapa Kalamba linaijua, kwa hivyo heri muisikie kwa mwenyewe kabla hamjawekewa chumvi.

Mimi tangu ukuta wa mchanga uniangukie kule mtoni tukichimba, kutoka kiuno kwenda chini ni mzigo tu nabeba, ukidunga sindano ni kama umedunga kiti, lakini Julai ikifika na ule ukungu wetu miguu inakuwa baridi kama ya maiti na hiyo baridi inapanda mpaka meno inagongana (miguu haijui kuna baridi, mimi ndio naijulia). Mke wangu, Mama Mutheu, hunivalisha soksi mbili mbili, ananigeuza, ananiwekea mto katikati ya magoti, na alinikataza kitu moja tu: "Maji moto kwa miguu, hapana. Nesi alisema utaungua na hutajua."

Sasa siku hiyo watu wa kanisa wanakuja kuniombea, yeye ako jikoni huko nje, soksi ziko kwa kamba zimekataa kukauka, mimi natetemeka, na thamosi ya maji moto iko hapa kando ya kitanda inaniangalia. Nikajiambia, kidogo tu. Nikajaza chupa ya soda, ile ya plastiki, nikaisukuma na fimbo chini ya blanketi mpaka kwa miguu. Kabla niitoe, hodi! Wakaingia. Ningeitoaje mbele ya wamama wa kanisa na sijavaa suruali? Nikasema amina.

Pasta akashika kitanda, akaomba kwa nguvu mpaka kitanda ikatingika. Chupa ikabingirika. Blanketi ikainuka hapo kwa vidole.

"Umesonga!" mama mmoja akapiga nduru. "Mguu umesonga!"

Mama Mutheu alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Ikaanguka yote.

"Ngai, Mungu wangu! Baba Mutheu, songesha tena!"

Mnicheke, lakini haki ya Mungu hata mimi nilikuwa nimesahau chupa. Niliangalia huo mguu nikauambia polepole, songa tena, tafadhali.

Pasta, macho bado amefunga: "Simama, ndugu! Simama!"

Mke wangu akapiga magoti akafunua blanketi. Chupa hiyo hapo, imejikunja na moto, imeshikana na mguu. Alipoiinua, ikainuka na ngozi.

"Husikii uchungu?" mtu akauliza.

"Hata kidogo," nikasema, nikijaribu kucheka. Nilicheka peke yangu. Mama Mutheu akaanza kuokota vipande vya vikombe, moja moja, bila kuniangalia.

Kidonda kimekataa kupona haraka, anakiosha kila asubuhi na hajawahi kunigombeza, afadhali angenigombeza. Mimi na maji moto tumeachana kabisa, wacha nigande. Siku hizi soksi zikiwa zimeloa anafunga miguu yangu na leso, anaiweka kwa tumbo lake mpaka ipate joto.

Na thamosi? Iko juu ya kabati. Ameiweka mahali mtu huifikia akisimama.